Ubavu wa Kitanda cha Dani

Kila asubuhi, chini ya chumba ninachopanga hapa Homa Bay, mwenye duka la vitambaa hufungua mlango wake wa chuma, ule unaojikunja kwenda juu. Huchomeka mkono wa chuma pembeni, akazungusha polepole, na mlango ukapanda ukilia: kri, kri, kri, kisha tak. Kabla ya kuanza huupaka grisi kwa kitambaa cheusi, na harufu yake nzito hupanda ngazi, ikapenya chini ya mlango wangu kabla chai haijachemka. Sijawahi kumwambia mzee huyu mpole, aliyetoka Pwani akaja kuzeekea kando ya ziwa letu, kwamba kila siku ananiamsha katika nyumba nyingine. Ananiamsha Uriri, katikati ya mashamba ya miwa. Nina miaka minane, nimelala upande wa ukutani wa kitanda cha bibi yangu, nasikiliza kama bado anapumua.

Tulimwita Dani, jina ambalo watoto wa Kijaluo huwaita bibi zao. Mama yangu alifanya kazi hotelini huku Homa Bay, akaniacha kwa Dani tangu sijajua kufunga vifungo vya sweta. Nililala naye kwenye godoro moja, futi nne kwa sita, lenye mabonde mawili: moja kubwa lake, moja dogo langu. Nikijaribu kulala kwenye bonde lake nilihisi nimevaa viatu vya mtu mzima.

Kisha moyo wake ukaanza kuchoka. Akilala chali, pumzi ilimwingia kwa shida, ikitoa sauti ya maji yanayokaribia kuchemka lakini hayachemki. Daktari alisema asilale chini tena, alale ameinuliwa kifua. Tukaweka mito, tukaweka gunia la magunzi chini ya mito, na hata kiti kilichopinduliwa. Kila kitu kiliteleza. Asubuhi nilimkuta amekaa wima, mgongo ukutani, macho mekundu, ameshikilia mguu wangu juu ya blanketi kana kwamba mimi ndiye ningeweza kuteleza.

Ndipo Anko Ouma, mtoto wake wa mwisho, akaleta kile kitanda.

Kilikuja juu ya trekta la miwa, kimefungwa kwa kamba, miguu yake ikiangalia mbinguni. Alikuwa amekipata Kendu Bay, katika zahanati ya mtu binafsi iliyokuwa imefungwa. Kilikuwa cha chuma, rangi nyeupe imebanduka, na upande wa miguuni kilikuwa na mkono wa kuzungusha. Ukizungusha, nusu ya juu iliinuka yenyewe kama mtu anayeamka: kri, kri, kri. Watoto tulipiga makofi. Mama Risper, jirani yetu, hakupiga. Alikizunguka kitanda mikono ikiwa nyuma.

"Ouma, godoro lake liko wapi?"

"Lilichomwa."

"Lilichomwa kwa nini?"

Anko Ouma akakumbuka ghafla kwamba kuna kamba hajafungua upande wa pili.

"Mimi siulizi kwa ubaya," Mama Risper akasema. "Ila watu wa kitanda hiki, sidhani wote walirudi nyumbani."

Nilikitazama kitanda kwa jicho jipya. Kwenye chuma cha kichwani palikuwa na michubuko midogo, mingi, mahali ambapo mikono ilishika na kushika. Nikaificha mikono yangu ndani ya gauni.

Dani hakujali. Aliagiza kiingizwe chumbani, akatandika blanketi lililokunjwa juu ya zile springi, akajilaza "kukionja tu," alivyosema. Anko akamwinua kidogo. Akalala usingizi. Alilala tangu saa nane mchana mpaka kuku wakaanza kurudi, kinywa wazi, uso umelegea kama wa msichana, na hakuna aliyethubutu kuongea kwa sauti. Sikuwa nimemsikia akipumua vile kwa miezi mingi. Nilipaswa kufurahi. Lakini nilisimama mlangoni nikipima kitanda kwa macho, na hesabu haikunipendeza: kilikuwa chembamba. Futi tatu tu. Bonde langu halikuwemo.

Anko Ouma naye alikuwa ameona.

"Mama, nitakununulia godoro la saizi yake," alisema jioni hiyo. "Hilo lingine tumpe mtu. Na huyu mtoto atalala jikoni na binamu yake Odhis, ama nimpeleke kwa mamake mjini."

Dani alikuwa akinywa uji. Akaweka kikombe chini.

"Ouma, wewe umeniletea kitanda ama umeniletea kesi? Godoro langu haliendi popote. Kitanda ndicho kiongezwe."

"Kitanda hakiongezwi, Mama. Si chapati."

"Basi tafuta anayejua kuongeza."

Anayejua alikuwa Chacha, fundi wa vyuma wa pale sokoni, Mkuria wa upande wa mpakani. Kwa kuwa yeye hakujua Kijaluo vizuri na Dani hakujua Kikuria kabisa, waliongea Kiswahili. Kiswahili cha Dani kilikuwa cha sokoni, chenye magoti mabovu, lakini kilifika kila kilikotumwa. Chacha alikuja na mkokoteni, tayari kubeba kitanda akakifanyie kazi kwenye kibanda chake. Akashika kichwa cha kitanda, Anko akashika miguu.

"Weka chini," Dani akasema.

"Nitarudisha kesho, Mama."

"Mimi nimelala juu ya hiyo. Nimelala mpaka nimeota. Hiyo sasa ni kitanda yangu, na kitanda ya mtu mzima haipiti mlango."

Chacha alimtazama Anko. Anko alitazama miguu yake. Hilo kosa lilikuwa lake, na alilijua. Katika boma letu kitanda cha mtu hakitolewi nje mwenyewe akiwa hai. Hutolewa mara moja tu, baada ya mazishi, na kila anayekiona kikipita uani anajua. Mtu mwenye akili angepima godoro kwanza, akakiongezea chuma nje chini ya jua, ndipo akakiingiza. Anko alikiingiza kwanza. Sasa kilikuwa ndani na hakikuwa na njia ya kutoka, isipokuwa ile moja.

"Sawa," Chacha akasema, akifuta mikono. "Kama kitanda haitakuja kwa kazi, kazi itakuja kwa kitanda."

Siku iliyofuata alikuja kupima. Nilitoka shule na kumkuta Dani amelala chali kitandani, mikono kando, macho yamefumbwa, na Chacha ameinama juu yake na kamba ya katani. Aliinyoosha toka utosini hadi kiunoni, akafunga fundo. Akainyoosha kutoka kiunoni hadi kisiginoni, akafunga fundo jingine. Kisha akaishusha ukingoni mwa kitanda na kumwambia Anko, kwa sauti ya chini, ya heshima, "Sanduku itakaa hapa vizuri kabisa."

Kwa Kijaluo neno hilo hilo, sanduku, ndilo tunaloita jeneza.

Odhis, binamu yangu aliyenizidi miaka miwili na hakuniruhusu kuusahau hata mmoja, alikuwa dirishani tayari.

"Umeona kamba?" akanong'ona. "Mtu akipimwa amelala, hiyo si ya kushona nguo."

"Anapima kitanda."

"Kitanda kina utosi?"

Na kibanda cha Chacha, ambacho nilikipita kila siku nikienda shule, kilipakana na cha muuza majeneza. Yalisimamishwa barabarani, yamevishwa vitambaa vyeupe, na mara nyingi niliwaona wawili hao wakikopeshana misumari. Tangu siku hiyo nilizunguka kwa njia ya shambani, majani ya miwa yakinikata miguu, ili nisione lililo na urefu wa Dani.

Leo najua kamba ile ilipima nini. Kitanda cha namna ile hukunjika mahali pamoja, na mahali hapo pasipolingana na kiuno cha mgonjwa, kinapoinuka humkunja mgongo. Na sanduku lilikuwa ukingo tu wa bati wa kuzuia godoro lisiteleze. Lakini hakuna aliyemweleza mtoto, na mtoto hakuuliza, kwa sababu kuuliza kungefanya jambo liwe kweli.

Chacha alirudi na vyuma alivyokwisha kuvikata, kamba ndefu ya umeme, na jenereta aliyoiacha ikinguruma uani mpaka mbuzi wakahama. Alileta kipande chembamba, upana wa futi moja, urefu wote wa kitanda, chenye mguu wake. Alikiita ubavu. Tulijua kwamba ubavu huo ndio ungebeba bonde langu. Alikiegemeza kwenye kitanda, akavaa miwani myeusi, akachukua mashine ya kuchomelea.

"Ngoja," Dani akasema. Alikuwa amekaa kwenye kiti, blanketi magotini. "Unafanya nini?"

"Nachomelea, Mama. Itakuwa kitu moja. Hata ng'ombe ikipanda, haivunjiki."

"Mimi sitaki kitu moja. Weka nati."

"Nati zinalegea, Mama."

"Zilegee. Ndiyo kazi ya nati."

Chacha akavua miwani. Akaangalia mlango, akaangalia kitanda, akajikuna shingo. "Ukweli ni kwamba hata mimi nilitaka kukuambia. Hii mlango yako ni ndogo. Nikichomelea humu ndani, kitanda haitatoka tena mpaka mtu avunje ukuta."

Dani alitazama mlango kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nimejibana nyuma ya kabati nikidhani sionekani. Macho yake yalikuwa makavu na makini, macho ya mtu anayechagua kuku.

"Ndiyo nimesema nati," akasema.

Chacha akatoboa matundu. Harufu ya rangi ya zamani iliyoungua ilijaa chumbani, na chini yake harufu nyingine, dawa fulani iliyokuwa imelala ndani ya chuma ikisubiri kuamshwa. Dani alikohoa. Mimi sikukohoa. Nilikuwa nikifikiria neno moja: nati. Kitu kinachochomelewa hubaki. Kitu kinachofungwa kwa nati hufungwa na mtu ambaye tayari ameifikiria siku ya kukifungua. Alikuwa amekataa tuwe kitu kimoja. Alinitazama, akafikiri, akakataa.

Nisiseme uongo, siku ya kukijaribu tulicheka. Godoro lilitandikwa, likaenea vizuri ndani ya sanduku lake. Dani akapanda kwenye bonde lake, mimi langu, na Anko akashika mkono wa chuma kwa madaha kama dereva wa trekta. Kri, kri, kri. Dani akaanza kupanda. Mimi nikabaki. Chacha alikuwa amesahau kwamba ubavu nao unapaswa kukunjika. Upande wa Dani uliinuka, wangu ukalala pale pale, godoro likajipinda kama ulimi, nami nikaviringika hadi ukutani nikipiga kelele.

"Ouma, unaniacha mtoto chini!" Dani akapiga kelele, akicheka. "Fundi! Umetengeneza kitanda ama mtelezo?"

"Mama, nisamehe, huyo mtoto sikumpima!" Chacha akasema, na hilo likamwongezea Dani kicheko.

Alicheka mpaka kicheko kikageuka. Niliiona saa ile ile kilipogeuka. Mdomo ulibaki wazi ukicheka lakini sauti haikutoka, vidole vikatafuta chuma cha kichwani, vikakishika pale pale penye ile michubuko. Anko aliacha mkono wa chuma. Hakuna aliyesogea. Jenereta ilinguruma nje kama haijui. Kisha pumzi ikarudi, kidogo kidogo, na Dani akafuta macho kwa kanga yake na kusema, "Endeleeni. Mnaangalia nini?"

Chacha aliukata ubavu katikati, akauwekea bawaba mahali palipolingana na kiuno cha Dani, akaufunga tena kwa nati. Safari hii tulipanda pamoja.

Kwa hiyo nilibaki. Lakini nilibaki kama mpangaji. Kila shule ilipofungwa, Dani alinituma chini ya kitanda na kopo la mafuta ya kupikia lililojaa grisi. Spana aliyoachiwa na Chacha ilifungwa kwenye mguu wa kitanda kwa kipande cha kanga yake ya zamani. Nililegeza kila nati, nikaipaka, nikaikaza tena. Sauti yake ilinijia kutoka juu, kupitia godoro.

"Inazunguka?"

"Inazunguka, Dani."

"Kwa mkono wako mwenyewe? Humwiti Odhis?"

"Kwa mkono wangu."

"Haya. Kaza."

Niliichukia kazi hiyo kuliko kuchota maji. Niliona ananifundisha kujiondoa. Siku moja, nikiwa huko chini ambako hakuweza kuona uso wangu, nikamuuliza.

"Dani, utanipeleka lini?"

"Nikupeleke wapi?"

"Sijui. Ukifungua nati."

Springi zikalia. Alikuwa ameinama ukingoni. "Nyakwara," akasema, neno letu la kumwita mjukuu, "hizo nati zimeanza kuongea na wewe? Kaza vizuri huko, nisije nikakuangusha."

Hilo ndilo jibu nililopata.

Walioona kamba ya Chacha walimpa Dani wiki chache. Aliwapita wote. Mama Risper mwenyewe alitangulia, na Dani akaenda kumzika ameshika mkono wangu. Nilikuwa darasa la saba Anko Ouma aliposimama kwenye lango la shule asubuhi moja, buti zake zikiwa bado na tope la shambani, kofia mkononi. Hakuingia. Mwalimu hakuhitaji kuniita. Dani alikuwa ameondoka baada ya chai, ameinuliwa kifua, mkono wake ukiwa upande wangu.

Baada ya mazishi wanaume walikuja kukitoa kitanda. Walikisogeza, wakakiinamisha, wakakigeuza, na kila mara kikagota kwenye fremu ya mlango. Nje watu walikuwa wamenyamaza wakingoja. Kitanda cha marehemu kinachokataa kutoka si jambo la kuangaliwa kwa raha. Mtu mmoja alisema, si kwa sauti, kwamba mama bado hajamaliza. Mwingine akarudi nyuma hatua. Anko Ouma, jasho likimtoka, akaagiza waletewe msumeno wa chuma.

Sikuamua. Nilijikuta nimepiga magoti sakafuni, nafungua kipande cha kanga. Spana ilikuwa ya baridi. Nati ya kwanza ilizunguka kana kwamba ilikuwa ikinisubiri, na ya pili, na zote. Haikulia hata moja. Ubavu ukaachana na kitanda kwa mlio mdogo, nikaushika usianguke. Kitanda kikapita mlangoni, chembamba kama siku kilipokuja, na nje wanawake wakaangua kilio.

Odhis, sauti yake tayari nzito, akanyoosha mkono kwenye ubavu. "Na hii?"

Waya Perpetua, kama tunavyomwita shangazi, dada mkubwa wa Anko, alikuwa amesimama kando ya kabati. "Hiyo iache," akasema kwa ukali ambao sikuuelewa. Odhis akauacha mkono wake uanguke.

Kwa hiyo wakatoka wote na kitanda, mimi nikabaki na kile kipande cha chuma kimeegemezwa ukutani. Nilifikiri kimesahauliwa. Nilifikiri hata katika kuondoka kwake walichukua kilicho chake, wakaacha ambacho hakikuwa na maana. Mwaka uliofuata nilikwenda shule ya bweni upande wa Asumbi, nikapewa kitanda cha futi mbili na nusu, na kwa muda mrefu nililala nimejibana upande mmoja, nikimwachia mtu nafasi.

Wiki iliyopita Anko Ouma alinipigia simu. Sasa ana mvi na anakohoa kabla ya kila sentensi. Aliniambia nyumba ya Dani imelala upande mmoja, anataka kuondoa mabati kabla upepo haujamsaidia.

"Vijana wametoa vitu vyote," akasema. "Kimebaki kile kipande chako."

"Kitoeni tu, Anko. Mpeni muuza vyuma."

Nikasikia kikohozi chake.

"Awuor," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshtuka. "Unasema nini wewe? Nitoe kitanda chako mlangoni, na wewe hapa unaongea na mimi kwa simu?"

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

"Nyumba ianguke, iangukie juu yake, sawa," akaendelea. "Lakini mlangoni hakipiti. Mama aliniambia siku ile ile Chacha alipoondoka. Alisema, siku yangu mtatoa changu. Cha mtoto kibaki ndani. Wewe hukujua?"

Sikujua. Nilikuwa nimelala juu ya jambo hilo miaka yote nikaliita ubaridi wa moyo wake. Alipoutazama mlango, aliona jeneza lake likipita, kwa macho makavu, akaona kitanda kikilifuata. Kisha akanitazama nyuma ya kabati, akaona kwamba kikichomelewa kitu kimoja, siku hiyo ningebebwa nje pamoja naye, kitanda cha mtoto aliye hai kikipita mlango usiopitwa na vitanda vya walio hai. Hakuweza kuniahidi kwamba hatakufa. Aliweza kuniwekea nati, na kuhakikisha kila likizo kwamba zinazunguka kwa mkono wangu mwenyewe.

"Ile spana uko nayo?" Anko akauliza.

"Niko nayo."

"Basi." Akakohoa. "Usiiache ishike kutu. Iko siku mtu ataihitaji."

Ubavu bado uko kule, ndani ya nyumba isiyo na watu, umeegemea ukuta unaoinama. Nikiwaza sana naweza kuuona: upana wa futi moja, bawaba mahali pa kiuno cha mtu mwingine, unanisubiri bila haraka. Kila nikizima taa naukumbuka. Siwezi kusema kama ni kwa hofu au kwa kupendwa. Labda kwa Dani vilikuwa vitu vilivyofungwa pamoja kwa nati.

Leo asubuhi, mlango wa duka ulipolia, nilishuka na spana mkononi, nikamwomba mzee grisi kidogo. Alinipa kitambaa chake cheusi. Hakuniuliza ni ya nini.